Kiti Kilichogoma Kushuka

Kiti cha saluni yetu kilikuwa na tabia ya kuzama. Unamkalisha mteja, unakanyaga pedeli mpaka kichwa chake kinakufika kifuani, unaanza kusuka, na ukifika katikati ya kichwa unajikuta umeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mteja mwenyewe hasikii kitu. Anaona tu kwenye kioo kwamba shingo imepotea, halafu kidevu, halafu yamebaki macho. Mama Pacha, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa akitangaza kwamba hiyo ndiyo saluni pekee anayoijua ambako mtu anaingia mrefu akatoka mfupi.

Saluni ni ya Shangazi, dada wa baba yetu, ambaye alituchukua mimi na kaka yangu tukiwa bado wa kubebwa. Mimi naosha vichwa, nafua taulo na kumalizia ncha za rasta. Kaka anasoma chuo, uhandisi wa ujenzi, na mtaa mzima unamwita Injinia ingawa hajawahi kujenga hata banda la kuku.

Mwaka huo Injinia alianguka somo la haidroliki. Na hakuanguka penye mabwawa na mifereji mikubwa. Aliangukia mlangoni kabisa, kwenye mada ya kwanza, tabia za vimiminika. Ilibidi arudie mtihani kwa mdomo, mbele ya mwalimu, na akianguka tena chuo kinamwambia kwaheri. Hilo alitueleza mezani huku akiiangalia sahani yake, kama vile sahani ndiyo iliyofeli.

Si kwamba hajui. Nikiwa nafua taulo yeye anazunguka uani na kukariri mpaka mimi mwenyewe naota usiku. "Mnato ni ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka. Densiti ni masi gawanya kwa ujazo. Mvutano wa uso ni..." Yanamtoka kama maji ya bomba. Shida inaanza akisimama mbele ya mwalimu.

"Ananitazama," aliniambia.

"Kaka, watu wote wana macho."

"Yake si ya kawaida, mdogo wangu. Akinitazama, neno linafika hapa," akagusa koo, "halafu linageuza linarudi lilikotoka."

Shangazi alisikiliza yote hayo na hakusema kitu, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya. Baada ya siku mbili tatu akatujia na habari. Kupitia Mama Pacha, ambaye anajua nani anasukwa wapi na nywele zipi ni zake na zipi za kununua, alikuwa amegundua kwamba mwalimu mwenyewe ni mwanamke, anaitwa Daktari, anaishi mitaa ya juu, na msusi wake amejifungua. Daktari yuko hoi, hana wa kumshika kichwa.

"Anakuja kwangu," akasema Shangazi. "Asubuhi ile ile ya mtihani wako."

Injinia aliacha kutafuna. "Shangazi! Umefanya nini?"

"Nimemtafutia mtu msusi. Kosa?"

"Hiyo ni rushwa!"

"Rushwa ni kumpa mtu kitu. Mimi simpi, namsuka, na atalipa kama watu wote. Ila mtu ukishamshika kichwa haendi popote. Atakaa, nitazungumza, atasikia. Nitamwambia huyu mtoto akili anazo, ni mdomo tu."

"Nakuomba, Shangazi. Nakupigia magoti."

"Usipige magoti, tengeneza kiti. Mtaalamu wa haidroliki hawezi kukaa kwenye kiti kinachozama. Atasema nini? Na wewe si ndiyo hayo unayosomea?"

Hapo alikuwa amemfunga. Kiti kile kinapandishwa na mafuta yaliyomo ndani ya kitako chake. Unakanyaga pedeli, mafuta yanasukumwa chini ya mhimili, mhimili unapanda. Ukiishikilia pedeli chini, mlango mdogo unafunguka, mafuta yanarudi, kiti kinashuka. Mafuta yetu yalikuwa yamevujia sakafuni miaka mingi, kidogo kidogo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyafuta.

Siku moja kabla ya ugeni, mchana, jua likiwa limekaa juu ya bati letu kama limelipia pango, Injinia alikipindua kiti, akafungua kitako na kumwaga kilichobaki. Kilikuwa kama kijiko cha tope. Akabadilisha mpira wa ndani uliokuwa umechanika, kisha akasimama na kujipangusa mikono.

"Sasa nahitaji mafuta ya mashine. Nakimbia gereji."

"Mafuta gani, yale meusi?" Shangazi akauliza.

"Si lazima yawe meusi..."

"Hayaingii humu. Yananuka, yanachafua nguo za wateja. Daktari akae juu ya harufu ya lori? Humu ndani tunaogelea mafuta, wewe unataka kwenda gereji." Akamwonyesha rafu nzima. "Chagua."

Nilidhani Kaka atakataa. Lakini niliona macho yake yanabadilika, kama mtoto aliyeruhusiwa kuchezea moto. Akachukua trei ya kioo tunayowekea vibanio, akaiegemeza ukutani iwe na mteremko, akapanga matone kwa juu: maji, shampuu, kondishena, gliserini, mafuta ya nazi, na tone moja la yale mabaki ya tope aliyoyachuja kwa kitambaa. Akayaachia kwa pamoja.

Maji yalifika chini kabla hatujakaa sawa. Kondishena haikuondoka kabisa.

"Hii yote ni mnato," akatufafanulia. "Maji mnato wake mdogo, kwa hiyo yanakimbia. Kondishena inajishikilia yenyewe."

"Kimbia shampuu!" Mama Pacha akapiga kelele. Alikuwa amekuja kuangalia, maana kwake hawana kioo cha kutosha. "Jamani shampuu imesimama kuongea na gliserini!"

"Tunatafuta itakayotembea sambamba na ile ya zamani," Injinia akasema. "Ikiwa nyepesi mno itapita pembeni ya mpira. Ikiwa na mnato mno, pedeli itakuwa ngumu. Maji ni mepesi mno, tena yataleta kutu."

Mshindi, aliyetembea sambamba na tope bega kwa bega mpaka chini, alikuwa mafuta ya nazi.

Nataka nikiri kwamba mtungi ule wa mafuta ya nazi naufungua mimi kila asubuhi. Najua tabia zake zote. Na bado nilikaa pale nikashangilia na wenzangu, kwa sababu mchana ule yalikuwa maji matupu, yanang'aa, yananukia, na joto lilikuwa la kukaushia nguo ndani ya nyumba. Hakuna aliyewaza zaidi ya pale alipokuwa amesimama.

Kaka akamimina, akafunga, akakanyaga pedeli. Kiti kikapanda laini, bila kulia. Akakipandisha mpaka mwisho wake, akamkalisha Mama Pacha, ambaye si mtu wa kupeperushwa na upepo. Hakikuzama. Hakikudunda pia.

"Kingedunda kama kungekuwa na hewa ndani," Injinia akasema. "Hewa inashindilika. Kimiminika hakishindiliki." Alisema hivyo akiwa amesimama wima, na sijawahi kumwona amependeza namna ile.

"Kiachwe hivyo hivyo juu," Shangazi akaamuru. "Asikiguse mtu. Nataka kesho nione kama kimelala macho."

Usiku ukaingia na baridi. Ulikuwa msimu wake. Asubuhi tulipofungua mlango kiti kilikuwa pale pale, juu kabisa, hakijashuka hata unene wa ukucha. Shangazi alikizunguka, akapapasa mgongo wake kama ng'ombe aliyeshinda maonyesho, na akapiga vigelegele vifupi, vya matumizi ya ndani.

"Injinia wangu," akasema. "Mtu aje aniambie huyu hajui."

Injinia mwenyewe hakukaa kusikia. Alisikia viatu nje, akajitosa nyuma ya pazia la stoo, kati ya madumu na taulo.

Daktari alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, sketi ya kubana, miwani, na kweli alikuwa na ile namna ya kutazama. Hatazami ili akuone. Anatazama kama anasubiri umalize sentensi. Aliniangalia mimi na nikasema "Shikamoo" mara mbili.

"Marahaba. Mara zote mbili," akajibu.

Akakitazama kiti. "Kiko juu."

"Kinakaa juu!" Shangazi akasema kwa fahari. "Hakizami, mwalimu wangu. Panda tu, tutakushusha."

Kupanda ilikuwa kazi. Akaweka mguu mmoja, sketi ikakataa, mimi nikasukuma huku, Shangazi akavuta kule, na mwishowe Daktari akatua juu, miguu inaning'inia, kichwa kimepita juu ya kioo chetu. Kwenye kioo lilionekana koti lake tu, na kidani. Shangazi, ambaye hata akijinyoosha anafika begani kwa watu, akakanyaga pedeli kumshusha.

Haikuingia.

Akakanyaga tena. Akasimama juu yake kwa miguu yote miwili akishikilia mkono wa kiti. Pedeli ilizama kidogo tu, kama mtu anayekubali jambo kwa shingo upande, na kiti hakikutikisika.

"Kinawaza," Shangazi akasema.

Basi akaagiza kreti la soda, akapanda juu yake, akaanza kusuka hivyo hivyo. Mama Pacha alikuwa tayari ameingia na kukaa chini ya draya ya kofia, nywele zimelowa. Nadhani aliziosha kusudi apate sababu ya kuwepo. Chini ya draya mtu hasikii, kwa hiyo Mama Pacha huongea kwa sauti ya mnadani.

"NDIYE YEYE?" akaniuliza.

Nilimwashiria anyamaze.

"ANA NYWELE LAINI, HAFANANI NA MTU WA KUFELISHA!"

Daktari hakugeuka. Shangazi akaona bora aanze hotuba yake mapema. "Mwalimu wangu," akasema kwa sauti ya asali, akigawa mstari wa nne, "hivi mtu akijikwaa mahali padogo tu, na akili anazo, lakini ana haya..."

"Mama," Daktari akasema, "najua huyu ni mwanafunzi gani. Suka nywele."

Nyuma ya pazia dumu likaanguka.

"Na huyo aliyeangusha dumu ndiye aliyetengeneza kiti?"

Shangazi alinitazama, nami nikatazama taulo. "Ndiye," akakubali.

"Naomba atoke."

Injinia alitoka na nyuzi za taulo kichwani. "Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Nisikilize. Nimekaa juu ya kiti cha haidroliki, pedeli inakanyagwa, nami sishuki. Kwa nini?"

Nikaliona neno likipanda kooni kwa kaka yangu, nikaliona likigeuza. Kisha likatoka lingine. "Kimiminika ni dutu ambayo huchukua umbo la chombo chake na..."

"Sikuuliza hilo."

"Mnato ni ukinzani wa..."

"Wala hilo. Usiniambie ulichokariri. Angalia kiti."

"Mshusheni kwanza mtoto wa watu!" Mama Pacha akaingilia. Alikuwa ametoa kichwa kwenye kofia asipitwe.

"Hakuna wa kunigusa," Daktari akasema, akakunja mikono. "Na sketi hii sirukii. Nitashuka kiti kikishuka, na nataka kuona itakuwaje. Endelea, kijana. Nina siku nzima mpaka mchana."

Injinia akachuchumaa, na nadhani lililomwokoa ni hilo: akichuchumaa hayaoni yale macho. Akaishika pedeli kwa mkono. "Hewa siyo," akajisemea, polepole. "Kungekuwa na hewa angekuwa anadunda. Kuvuja siyo, angekuwa ameshuka mwenyewe. Mlango wa ndani unafunguka, nausikia. Umefunguka, lakini hakuna kinachopita." Akaweka kiganja kwenye kitako cha chuma, akakitoa haraka. "Ni baridi."

"Kila kitu ni baridi leo," Shangazi akasema. "Hata mimi ni baridi."

Kaka akainua kichwa. Hakumtazama Shangazi. Alikuwa anatazama mkono wangu, kwa sababu mimi wakati huo huo nilikuwa nimefungua mtungi kama kila asubuhi, na kidole changu kilikuwa kinachota mafuta ya nazi, meupe, magumu kama mshumaa. Tukatazamana na Kaka, tukatazama mtungi. Sijui nani alianza kucheka.

"Yameganda!" akapiga kelele.

"NANI AMEGANDWA?" Mama Pacha alikuwa amesharudi kofiani.

"Mafuta! Daktari, nilitia mafuta ya nazi. Jana nilipima mnato wake, ulikuwa sawasawa kabisa, lakini nilipima mchana, kwenye joto! Mnato si namba moja ya kudumu, unabadilika na joto. Yakipoa yanakuwa mazito, yakipoa zaidi yanakoma kuwa kimiminika. Hakikukataa kuzama kwa sababu nimekitengeneza vizuri. Kimekataa kwa sababu... kwa sababu umekaa juu ya mshumaa!"

Shangazi alifunga macho. Nilijua anasali.

"Utafanyaje?" Daktari akauliza, na sauti yake haikubadilika hata kidogo.

"Nitayapasha."

Hapo ndipo saluni ilipogeuka karakana. Tulileta draya zote za mkono, mbili nzima na moja ya kushikiliwa kwa raba, tukapiga magoti kukizunguka kitako, mimi huku, Kaka kule. Hazikutosha. Kaka akamwendea Mama Pacha.

"Mama Pacha, samahani, nahitaji kofia."

"Na kichwa changu?"

"Dakika chache."

"Nitapata mafua! Nusu imekauka nusu mbichi, nitoke hivi mimi?" Lakini alikuwa ameshatoka, maana kutoka chini ya kofia aliona vizuri zaidi. Akashikilia draya ya tatu mwenyewe, kwa bidii, akiielekeza zaidi kwenye kichwa chake kuliko kwenye kiti.

Shangazi akaendelea kusuka juu ya kreti. "Sijawahi kumkausha mteja kuanzia chini," akanong'ona.

Muda ukapita. Saluni ikaanza kunukia nazi. Kisha Daktari akasema, "Ahaa."

Alikuwa anashuka. Mwanzoni hukuweza kuona kwa macho, ulipaswa kumtazama kwenye kioo: kidevu kikachungulia, halafu mdomo, halafu pua na miwani, polepole mno, kama jua linalochomoza kwa kurudi nyuma. Kaka alikuwa amelala ubavu, mkono kwenye pedeli, na anaongea bila kuulizwa. Sijawahi kumsikia akiongea namna ile. "Yaliyo karibu na chuma yanayeyuka kwanza, ya katikati bado. Kwa hiyo anashuka kwa kusitasita. Joto likipanda mnato unashuka, na mnato ukishuka yeye anaongeza mwendo. Mnaona? Mnaona anavyoongeza?"

"Naona," Daktari akasema. "Naongeza."

"Punguza basi!" Shangazi akapiga kelele, mkono wake ukiwa umebaki hewani na mkia wa rasta, kwa maana kichwa kilikuwa kimemtoka chini ya vidole.

"Punguza draya!" nikasema.

Hatukuwahi. Yalikuwa yameyeyuka yote. Kiti kikaenda chini chote kwa mara moja, paa, miwani ikaruka ikatua kwenye beseni la shampuu, na kutoka chini ya kitako kikatoka kijito kizuri, chembamba, kikafuata mteremko wa sakafu na kukizunguka kiatu cha Daktari.

Nikakimbilia beseni kuiokoa miwani.

"Na hilo?" Daktari akauliza, akionyesha kiatu.

"Joto limezidi," Injinia akasema kwa sauti ndogo. "Yamekuwa mepesi kupita kiasi, yamepenya pembeni ya mpira."

Nilimpa Daktari miwani yake, nimeiosha. Akaivaa, akajitazama kwenye kioo. Upande wa kulia mistari ilikuwa imenyooka vizuri. Upande wa kushoto bado ulikuwa msitu. Shangazi akaona hiyo ndiyo nafasi yake. "Basi mwalimu wangu, si umemsikia mwenyewe? Si amejibu? Mchana asisumbuke kuja, si ndiyo?"

"Mchana atakuja. Lakini mimi sitamtahini." Daktari akasimama. "Nimekaa kwenye kiti cha nyumba yenu, mama, na umenishika kichwa. Haitakuwa haki kwake wala kwa wenzake. Atatahiniwa na mwenzangu."

Rangi ikamtoka Kaka. "Yule... yule mzee wa mabwawa?"

"Huyo huyo."

Nilijua habari za mzee wa mabwawa. Inasemekana hajawahi kutabasamu tangu aanze kazi. Shangazi hakukata tamaa. "Na yeye huwa anatengenezea nywele zake wapi?"

"Ana upara, mama."

Shangazi akashuka kwenye kreti. Daktari akalipa, akakataa kupunguziwa, akafunga kilemba juu ya ule msitu na kwenda zake, kiatu kimoja kikiteleza kidogo.

Ndipo Injinia akaketi juu ya madumu na kushika kichwa. "Umeniua, Shangazi. Yule angalau nilishaanza kumzoea."

"Ulikuwa unaongea," nikamwambia.

"Nilikuwa naongea na kiti."

"Basi kaongee na kiti. Mzee wa mabwawa mwambie tu kilichotokea hapa, mwanzo mpaka mwisho. Usimsomee."

Kaka akavaa shati la kupigwa pasi, akaondoka amejikunja. Mchana wote sisi tulifuta sakafu. Shangazi alimsuka mteja mmoja akamsahau sikio, na kila viatu vilipopita nje alikuwa mlangoni.

Aliporudi alikuja na hatua za kawaida, si za haraka si za polepole, na hilo lilitutesa zaidi. Akakaa. Akaomba maji. Akanywa yote. Mama Pacha alikuwa kibarazani kwake ng'ambo, anapepeta kitu ambacho nadhani kilikuwa kimeshapepetwa zamani.

"Sema!" Shangazi akamtikisa.

"Aliniuliza mnato ni nini. Nikamwambia juu ya kiti. Akaniuliza, mafuta yana mnato mkubwa kuliko maji, mbona yanaelea juu yake? Nikamwambia mnato na densiti ni watu wawili tofauti, mafuta ni mepesi kwa ujazo ule ule, hata kama yanatembea kwa uvivu. Nikamweleza jinsi yalivyomzunguka Daktari kiatu. Nikamweleza kondishena. Nikamweleza shampuu." Akavuta pumzi. "Akaniambia inatosha. Nikaendelea. Akaniambia, kijana, nimesema inatosha, toka nje nina wengine."

"Na matokeo?"

"Alama za kuvukia tu. Alisema angeniongezea lakini hakuna injinia mwenye akili timamu anayetia mafuta ya nywele kwenye mashine." Akatuangalia, na uso wake ukaanza kufunguka polepole. "Nimepita, Shangazi. Sitolewi."

Vigelegele alivyopiga Shangazi havikuwa vya matumizi ya ndani. Vilitoka mlangoni, vikapiga bati, vikavuka barabara, na ng'ambo Mama Pacha akatupa ungo na kuitikia kwa vyake, virefu zaidi, kisha akaja mbio akikwepa baiskeli, bado anapiga, akasimama mlangoni akihema.

"Jamani," akasema, "tunashangilia nini?"